Simulizi Inayobadili Watu: Mwongozo Kamili wa Kijijini na Ofisini, kutoka Mwambao wa Tanga

Samaki aliyeuawa kwa baruti unamjua ukimshika. Kwa nje ana macho yake na magamba yake, lakini ukimwinua analegea mkononi. Uti wa mgongo umevunjika, na ukimpasua tumbo unakuta damu imevilia ndani. Mwambao wa Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, uliishi na samaki wa namna hiyo kwa miongo mingi. Sheria ilikuwapo, mabango yalikuwapo, semina zilikuwapo. Milipuko ilipungua sana pale tu vyombo vya dola vilipoikabili baruti kwa nguvu, kuanzia 2016.

Muda wote huo, ukikaa na wavuvi wakishona nyavu ungesikia sentensi moja ikirudi: "Nisipopiga mimi, atapiga mwenzangu." Hiyo ni simulizi fupi kabisa, ina watu wawili na mwisho wake unajulikana. Ndani yake anayejizuia anabaki mjinga mwenye njaa. Doria ilizuia mikono, lakini sentensi haikamatwi na doria. Siku doria ikilegea, sentensi ile ndiyo itakayoirudisha baruti baharini.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kuigusa sentensi kama hiyo: kiongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari, mwalimu, mwenyekiti wa mtaa, katibu wa saccos, muuguzi mkuu, meneja wa kampuni, kijana wa asasi. Ninaamini watu hawabadiliki kwa kupewa taarifa mpya wakati simulizi ya zamani bado inatawala vichwani. Wanabadilika wanapopata simulizi nyingine iliyo ya kweli zaidi, wakaanza kuisimulia wenyewe kwa maneno yao.

Hatua ya kwanza: itafute simulizi inayotawala

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami nitakaa hapa kidogo. Mtu anapewa mradi, anaandaa ujumbe, anatafuta kisa cha kuupamba, anaenda kusimulia. Watu wanapiga makofi, wanapokea nauli, wanarudi kwenye yaleyale. Tanga tuna msemo, waja leo waondoka leo, na watu wa vijijini wamewazoea wageni wa aina hiyo.

Kabla hujasimulia chochote, sikiliza. Nenda pale watu wanapozungumza bila kuandaliwa: kwenye baraza la kahawa, kwa mama lishe, chini ya mti ambapo mashua zinapigwa kalafati, kwenye foleni ya maji, kwenye kikundi cha vikoba kabla hesabu hazijaanza. Usiende na dodoso. Sikiliza sentensi zinazofunga mazungumzo, zile ambazo mtu akizisema wenzake wanaitikia "ndiyo hivyo" na mada inakwisha. Kijijini utasikia "bahari ni ya Mungu, haiishi", "wazee wetu walivua hivi hivi", "mradi ukiisha nao wataondoka". Ofisini utasikia "hata nikisema, nani atanisikiliza?", "hapa ndivyo tulivyozoea", "subiri mkubwa aje".

Ziandike kama zilivyosemwa, usizisafishe. Kisha kwa kila moja jiulize: ndani ya sentensi hii, mshindi ni nani na mjinga ni nani? Nani analindwa nayo? Sentensi ya aina hii haikudumu kwa sababu watu ni wakaidi. Imedumu kwa sababu kuna wakati ilikuwa kweli, na pengine bado ni kweli nusu. Mvuvi aliyejizuia wakati jirani anapiga baruti alilala njaa kweli. Mfanyakazi aliyesema kwenye kikao alihamishwa kweli. Ukiidharau simulizi ya watu umewadharau wao, na utakayoileta haitapata pa kukaa.

Chagua moja tu. Iandike juu ya karatasi. Kazi yote inayofuata ni ya kuijibu hiyo.

Hatua ya pili: taja badiliko moja na mtu mmoja

Usiseme "jamii ielimike". Sema: wapiga pweza wa kijiji hiki wakubali kufunga upande mmoja wa mwamba, yaani wasivue hapo, kwa miezi mitatu. Au: mtu wa mapokezi aanze kumwambia mgonjwa atasubiri muda gani. Kisha mtaje msikilizaji wako hasa, yule ambaye akibadilika yeye wengine watamfuata. Kijijini mara nyingi si mwenyekiti. Anaweza kuwa nahodha anayeheshimika, kungwi, au mnunuzi wa samaki anayewakopesha wavuvi mafuta ya mashine. Usipomjua bado, rudi kusikiliza.

Hatua ya tatu: tafuta kisa kilichokwisha kutokea

Karibu kila mahali yupo mtu ambaye ameshafanya kile unachotaka wengine wafanye, kimyakimya, kwa sababu zake. Yupo mvuvi aliyekataa baruti akaendelea kulisha watoto. Yupo karani aliyepanga upya mafaili bila kuagizwa. Kazi yako ni kumpata huyo. Uliza: "Nani hapa anafanya tofauti na wengine?" Mara nyingi utaonyeshwa mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina yoyote.

Ukimpata, usimuulize kwa nini aliamua. Swali la kwa nini linamfanya atoe hotuba, atakwambia "kwa sababu mazingira ni muhimu" kama alivyosikia redioni. Muulize siku yenyewe. Ulikuwa wapi? Nani alikuwapo? Alisema nini? Wewe ukamjibuje? Ulipofika nyumbani ulimkuta nani? Ulikuwa na shilingi ngapi mfukoni? Ukitaka mzee akufungukie, msalimu kwa shikamoo yenye utulivu, kaa chini alipokaa, na usitoe simu kurekodi kabla hamjazungumza mambo ya kawaida. "Babu, nimekuja unifundishe" ni mwanzo mzuri kuliko barua ya utambulisho, ingawa barua nayo uwe nayo kwa ajili ya ofisi ya kijiji.

Kama kisa cha kweli hakipo, unaweza kutunga. Hapo sema wazi kuwa umetunga. Watu wa pwani wanao mlango wa kazi hiyo tangu zamani: "Paukwa!" "Pakawa!", kisha "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Ukifungua hivyo kila mtu anajua mnaingia kwenye ngano, na ngano inaruhusiwa kusema mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa jina lake. Kutunga kisa na kukiuza kama tukio la kweli ni jambo jingine kabisa. Kikigundulika, na kitagundulika, umeharibu kazi yako na ya atakayekuja baada yako.

Hatua ya nne: ridhaa, kabla ya kitu kingine chochote

Hapa sina maelewano. Kisa cha mtu ni mali yake. Mwambie utakisimulia wapi, mbele ya nani, na nini kinaweza kumpata baada ya hapo. Kiandike, kisha msomee neno kwa neno. Akisema "hapo pa mume wangu toa", toa. Akibadili mawazo baada ya wiki mbili, acha kukitumia hata kama umeshachapisha vipeperushi.

Kubadili jina hakutoshi. Kwenye kijiji cha pwani ukisema "mjane mmoja mwenye mashua ya buluu", kila mtu amemjua. Badili angalau vitu vitatu: kijiji, kazi, na sura ya familia yake. Kisa cha mtu aliyefichua wahalifu usikisimulie kabisa mahali anapoishi. Kwa visa vya ukatili wa nyumbani, ugonjwa au mimba za utotoni, hakikisha kwanza kwamba msaada wa kweli upo, kwa sababu baada ya simulizi yupo atakayekufuata pembeni na kusema "na mimi pia". Uwe unajua utampeleka wapi.

Usinunue kisa, lakini fidia siku ya mtu. Mpiga pweza aliyekaa nawe siku ya bamvua, maji yanapokupwa sana na mwamba kuwa wazi, amepoteza kipato cha siku hiyo.

Hatua ya tano: kipe kisa umbo

Huu ni mfano nilioutunga ili uone kazi yenyewe. Ripoti ingeandika hivi: "Wanawake walihamasishwa kuhusu umuhimu wa kufunga mwamba na sasa wananufaika." Hakuna mtu humo ndani. Sasa sikia hivi:

*Mama mmoja mpiga pweza, mjane, alitoka na kijiti chake siku ya bamvua. Alizunguka mwambani mpaka maji yakaanza kujaa, akapata pweza wawili wa kuenea kiganjani. Mnunuzi akawatazama, akamwambia, "Hawa mama sinunui, hawafiki nusu kilo." Jioni ile kijiji kilikuwa na kikao cha kufunga mwamba. Yeye alikwenda kupinga, maana mwamba ndio shamba lake. Zamu yake ilipofika akasimama, wale pweza wawili bado wako kwenye ndoo. Akasema, "Mkifunga, wa kwanza kuumia ni mimi. Lakini wa leo hata kuwauza nimeshindwa. Fungeni upande wa kaskazini, huu wa kusini tuachieni tule." Wakakubaliana hivyo. Siku ya kufungua, pweza wake wa kwanza aliijaza ile ndoo.*

Angalia kilichomo. Kuna mtu mmoja anayefanana na msikilizaji, mwenye hofu ileile ya msikilizaji. Kuna kitu cha kushikika, ile ndoo. Kuna saa ya kuamua, na uamuzi wenyewe ni mdogo, wa nusu mwamba, ambao mtu mwingine anaweza kuufanya kesho. Anayeamua ni yeye, hakuna mradi unaokuja kumwokoa. Na kisa kinaishia pale ambapo msikilizaji anaanza kujiuliza "na sisi je?". Hakuna sentensi ya mwisho ya kumfundisha. Ukiongeza "kwa hiyo ndugu zangu tutunze bahari", umemnyang'anya kazi aliyokuwa ameshaianza kichwani.

Kisimulie kwa dakika mbili au tatu. Kikizidi hapo, una visa viwili ndani ya kimoja.

Kuhusu takwimu, lipo jaribio moja linalofaa kulijua. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Marekani. Washiriki waliosoma habari za mtoto mmoja wa Mali aitwaye Rokia walitoa mchango wa wastani wa dola 2.38. Waliosoma takwimu za njaa walitoa dola 1.14. Walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu walitoa dola 1.43. Takwimu zikimwagwa juu ya kisa zinakipoza. Zitunze mfukoni mpaka mtu aulize "je, ni huyo mmoja tu?", na hapo uzitoe zikiwa kamili na sahihi, kwa sababu ukifika kikao cha halmashauri bila hesabu hutapata fedha hata kama umewaliza wote.

Lakini jaribio lile lilipima michango, na kumpa mtu huruma ni rahisi kuliko kumbadilisha mwenendo. Kisa kinachomwonyesha mtu akiteseka tu kitaleta sadaka. Ukitaka watu waige, lazima waone mtu akitenda.

Na visa vya kutisha? Vinapendwa sana, nami ningekushauri uvitumie kwa uchache. Ukisimulia mvuvi aliyekatwa mikono na baruti, mpiga baruti aliyekaa mbele yako anajiambia "yule hakuwa fundi", na moyo wake unatulia. Madhara yanaingia vizuri zaidi yakija polepole juu ya mtu ambaye wasikilizaji wameshamzoea. Radio Tanzania ilifanya hivyo kwa mchezo wa *Twende na Wakati*, ulioanza 1993. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, hakupewa hotuba ya kumlaani. Watu walimsikia wiki kwa wiki, wakamcheka, wakamjua, mpaka UKIMWI ukamfika. Pembeni yake alikuwapo mkewe Tunu, mwanamke mtiifu anayejifunza kidogo kidogo kujitegemea. Tunu ndiye wa kumtazama. Mwema kamili na mwovu kamili ni rahisi kuwatunga, ila anayeigwa ni yule anayeyumba kisha akaamua. Kwa kuwa Dodoma haikurushiwa mchezo huo hadi 1995, watafiti waliweza kulinganisha waliousikia na wasiousikia, nao wakaona umechangia watu kuanza kutumia uzazi wa mpango.

Hatua ya sita: nani asimulie

Asimulie mwenyewe, au mtu wa aina yake. Kusini magharibi mwa Madagascar, kijiji cha Andavadoaka kilifunga eneo lake la pweza kwa miezi kadhaa mwaka 2004. Lilipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa. Vijiji jirani vikaiga, na baadaye wavuvi wakaanza kutembeleana, mvuvi akimweleza mvuvi huku wamesimama mwambani. Wazo hilo likavuka mpaka Pemba. Mtaalamu angeweza kueleza kwamba pweza hukua haraka na kwamba miezi michache inatosha, na maelezo yake yangekuwa sahihi. Lakini mvuvi ana swali ambalo mtaalamu halijibu: "Miezi yote hiyo nyinyi mlikula nini?" Mwenzake aliyepitia ndiye mwenye jibu.

Kwa hiyo bajeti yako ya mabango igeuze nauli. Chukua watu watano wa kijiji kinachosita, wapeleke kwa wenzao waliojaribu. Wachague wewe pamoja na wao: mmoja anayeunga mkono, mmoja anayepinga vikali, mnunuzi mmoja, na wanawake wasipungue wawili. Yule anayepinga ndiye mwenye thamani kubwa. Akirudi na kusema "nimeona", maneno yake yana uzito kuliko ya bwana samaki, afisa uvuvi.

Hatua ya saba: wapi na lini

Panga kwa kalenda ya wasikilizaji wako. Wapiga pweza wako mwambani wakati wa bamvua, wanapatikana maji mafu, yasipokupwa sana. Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza na taa zao, wanapumzika mwezi ukiwa mkubwa. Ukiitisha kikao mwezi mpevu utawapata wa dagaa na kuwakosa wa pweza. Ukitaka wote, itisha mwezi ukiwa nusu, siku isiyo na bamvua, na saa ambayo wavuvi wa dagaa hawako baharini. Ijumaa adhuhuri usijaribu. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, ni mahali pa kupitisha uamuzi. Simulizi ipite mapema zaidi, kwenye vikundi vidogo, ili watu wafike mkutanoni wakiwa wameshaitafuna.

Hatua ya nane: mjadala, ambao ndio kazi yenyewe

Simulizi inafungua mlango tu. Historia yetu imeshaonyesha hilo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilitumia redio, lakini nguvu yake ilikuwa kwenye vikundi vya kusikiliza: watu walikaa pamoja, wakasikiliza, wakajadili na kiongozi wa kikundi, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi siku hizohizo. Walioshiriki walikaribia milioni 2. Miaka ya 1980 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda vijijini, Malya na Msoga ikiwa miongoni mwake. Wakakaa na wanakijiji, matatizo yakatajwa na wenyeji, maigizo na ngoma vikatungwa na wenyeji. Mwaka 1996 njia hiyo ikazaa Tuseme, ambapo wasichana wa sekondari walitambua wenyewe yanayowakwamisha, wakayaigiza mbele ya walimu wao, kisha wakapanga la kufanya. Fikiria mwalimu aliyeketi mstari wa mbele anatazama binti akimwigiza mwalimu. Hakuna ripoti inayofikia hapo.

Kwa hiyo kisa kikiisha, nyamaza. Kweli nyamaza, hata kimya kikirefuka. Kisha uliza maswali matatu tu kwa mpangilio huu. La kwanza: nani hapa amewahi kukutana na jambo kama hili? Utapata visa vingine, na hivyo ni bora kuliko chako. La pili: ungekuwa wewe pale, ungefanya nini? Hapa unaweza kutumia mbinu ya Mbrazili Augusto Boal: watu waigize kisa, kisha yeyote asiyeridhika asimamishe mchezo, aingie achukue nafasi ya mhusika na kujaribu njia yake, wengine wampinge. Vijana wanaipenda sana, na mara nyingi jibu la busara linatoka kwa mtu ambaye hajawahi kunyanyua mkono mkutanoni. La tatu: kesho asubuhi, nani anafanya nini? Jina la mtu na siku, yaandikwe.

Wazee wana nafasi yao. Mzee akiongea mapema, vijana hawatampinga, na mjadala umekwisha. Mwendee siku moja kabla, umwombe: "Mzee, tunakuomba utufungulie kwa dua, na neno la kufunga liwe lako." Ameheshimiwa pande zote mbili, na katikati wengine wamepata pumzi. Wanawake wape kikao chao kwanza, kikiongozwa na mwanamke, kisha wachague msemaji wa kuleta neno lao kwenye kikao cha pamoja. Kwenye vijiji vyetu vingi mwanamke aliyeketi nyuma ya wanaume hatasema anayoyajua kuhusu mwamba, naye anaujua kuliko wengi waliokaa mbele.

Mtu akipinga kwa hasira, usimjibu kwa hoja. Mwombe kisa: "Hebu tusimulie ilikuwaje." Mara nyingi chini ya hasira kuna tukio la kweli, ahadi ya mradi uliopita ambayo haikutimizwa, au nyavu zilizochomwa moto bila maelezo. Likisemwa mbele ya watu na likasikilizwa, kikao kinapumua.

Ofisini, hospitalini, kwenye saccos

Hatua ni zilezile, ila hofu ni nyingine: hofu ya mkubwa. Mfano unaotajwa sana ni wa Stephen Denning wa Benki ya Dunia, ambaye mwaka 1996 alitaka taasisi ile ianze kukusanya na kusambaza ujuzi wake. Chati zake hazikumwelewesha mtu. Akaanza kusimulia kwa sentensi chache jinsi mhudumu wa afya wa Kamana, mji mdogo wa Zambia, mwezi Juni 1995 alivyoingia kwenye tovuti ya kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani na kupata jibu kuhusu tiba ya malaria. Kisha akawaonyesha kisichokuwamo kwenye picha: Benki ya Dunia, pamoja na ujuzi wake wote wa kupambana na umaskini, haimo. Wasikilizaji wakaanza wenyewe kusema ingekuwaje kama ingekuwamo. Oktoba 1996 rais wa benki, James Wolfensohn, akaitangaza azma hiyo kwenye mkutano wa mwaka. Kisa kilikuwa kifupi, kikavu, cha kweli, na kiliacha nafasi tupu ya kujazwa na wasikilizaji.

Ukiwa wa chini na unataka kumsimulia mkubwa, usiombe kikao maalumu. Sema kwa adabu kwenye kikao cha kawaida: "Mkuu, naomba dakika mbili nieleze kilichotokea Jumanne pale dirishani." Simulia tukio moja la mteja, bila kumtaja mwenzako aliyekosea, na uishie kwenye alichosema mteja akiondoka. Usitoe pendekezo hadi uulizwe.

Ukiwa mkubwa, kazi yako ya kwanza ni kusimulia mazuri ya watu wa chini yako, kwa undani: mhudumu gani, saa ngapi, alifanya nini. Hotuba inasahaulika kabla ya chai. Kisa cha mhudumu aliyesifiwa kwa kusema ukweli kitazunguka jengo zima siku hiyohiyo, na kitaijibu ile sentensi ya "nani atanisikiliza". Kumbuka pia kwamba mfanyakazi mmoja akiadhibiwa kwa kusema, kisa chake nacho kitazunguka, na kwa kasi zaidi. Unachokitenda ni simulizi hata kama hukukusudia.

Duara la watu sita hadi wanane mara moja kwa mwezi linatosha kuanzia. Kila mmoja anasimulia siku aliyojivunia kazi yake. Bila muhtasari, bila posho, bila kumsema asiyekuwapo. Malalamiko yatakuja yenyewe mwezi wa pili au wa tatu, yakiwa na sura ya visa vinavyoweza kufanyiwa kazi.

Redio na simu

Redio ya mjini inafaa ukiunganisha na vikundi vya kusikiliza, kama 1973. Sauti za WhatsApp zinafaa zikiwa chini ya dakika mbili, kwa sauti ya mhusika mwenyewe aliyeridhia, na ujue kwamba ukishatuma huwezi kuirudisha. Kisa ambacho hungependa kisikike Dar es Salaam usikirekodi.

Hatua ya mwisho: rudi usikilize

Baada ya miezi mitatu rudi kwenye mabaraza yaleyale, bila kutangaza. Unatafuta mambo matatu. Je, ile sentensi uliyoiandika juu ya karatasi bado inafunga mazungumzo, au sasa kuna anayeijibu? Je, kisa chako kimesimuliwa na mtu ambaye hakukisikia kutoka kwako? Je, yale majina na siku mliyoandika yametimizwa?

Ili upate zaidi, tumia njia iliyoanzishwa na Rick Davies akiwa Bangladesh miaka ya 1990. Waulize watu: tangu tulipoanza, badiliko gani kubwa kuliko yote limetokea hapa? Kusanya visa, kisha kikundi kikae na kuchagua kimoja, na kieleze kwa nini hicho. Sababu wanazozitoa zitakwambia wanathamini nini, na mara nyingine si kile ulichokuja nacho. Mlifunga mwamba kwa ajili ya pweza, wao wakachagua kisa cha mwanamke aliyesema mkutanoni kwa mara ya kwanza. Kipokee kama walivyokileta, kiandike kwenye ripoti yako kwa maneno yao.

Ukikuta kisa chako kimebadilika mdomoni mwa watu, upande wa kaskazini umekuwa wa mashariki, mjane amekuwa binti, na ndoo imekuwa kapu, usikisahihishe isipokuwa mabadiliko hayo yanamhatarisha mtu. Hakikisha tu kwamba uamuzi umebaki mikononi mwa yule mama. Ukisikia wameanza kusimulia kwamba ni mradi ndio uliowaambia wafunge, hapo rudi hatua ya kwanza, kwa sababu simulizi inayotawala imeshapata mwenyewe mwingine.